Kilo Ngapi, Mwalimu?

Ukijenga kitu chenye magurudumu mawili na paa hapa Bariadi, swali la kwanza utakaloulizwa ni chipsi zinaanza lini. La pili ni kama kutakuwa na mishikaki. Nimeulizwa na vijana wa bodaboda, nimeulizwa na mama wa nyanya, na balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza akiwa na daftari kwapani. Nikijibu kwamba ni tela la kulalia, kwamba nitalivuta kwa gari nikalale porini, mtu ananitazama kwa huruma, kisha anamzungukia Mama Kulwa jikoni kumuuliza taratibu kama nyumbani kuna amani.

Amani ipo. Kilichokosekana ni ekseli.

Chanzo cha balaa ni hiki. Nimefundisha jiografia miaka 31. Nimechora Serengeti ubaoni sijui mara ngapi, nyumbu wakizunguka kwa mishale ya chaki, wakivuka Mto Mara, wakirudi kusini kuzaa, kengele ikilia nao wanafutwa. Kulala humo hata usiku mmoja, sijawahi. Wala si mbali. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilometa 70 na ushee, na kutoka Lamadi hadi lango la Ndabaka ni pua na mdomo. Kuna watu wanapanda ndege mbili kutoka Ulaya waje kulala pale. Mimi jirani nikifika Lamadi nanunua dagaa, nageuza. Nikaapa kwamba nikistaafu, nami nitalala mbugani. Mama Kulwa akaniuliza mbuga ipi, maana kwetu Usukumani mbuga ni ule udongo mweusi unaovua watu viatu, na huo tunao wa kutosha shambani.

Hoteli za porini ziko juu ya pensheni yangu. Hema na kiuno changu hawapatani. Ndipo likaja wazo la tela: kisanduku cha mbao na bati, ndani godoro, nyuma jiko, mbele mkono wa kuvutia. Mbao nilipata. Bati nilipata. Kisha kijana wetu Doto, aliyeko Mwanza, akaona picha niliyomtumia na kunipigia simu saa nne usiku.

"Shikamoo baba. Usije ukaweka hizo springi za mkokoteni. Weka ekseli ya toshen."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri.

Ekseli ya toshen, kwa jinsi alivyonieleza na jinsi nilivyoisoma baadaye, ni bomba la chuma la pembe nne. Ndani yake kuna chuma kingine cha pembe nne, chembamba zaidi, kimegeuzwa kidogo ili kona zake zitazame kuta za bomba. Nafasi nne zinazobaki kwenye kona za bomba zimeshindiliwa fimbo nne za mpira. Chuma cha ndani kinaishia kwenye mkono mfupi, na mkono unaishia kwenye hab na tairi. Tairi likipanda jiwe, mkono unapanda, chuma cha ndani kinajizungusha, mpira unabanwa. Jiwe likipita, mpira unakirudisha. Huna springi za kupiga kelele, huna pini za kupaka grisi isipokuwa beringi zako, na tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Tela linakaa chini, limetulia kama bibi harusi.

Aliyeweka msingi wa springi hizi za mpira ni Mswisi, Hermann Neidhart. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Uswisi ni nchi ya saa na benki. Wale ni watu wanaojua kila kitu kina gramu ngapi na kimelala kwenye droo ipi. Chombo chao hakiwezi kumfaa mtu anayenunua mchele kwa kutazama kikombe cha muuzaji kimejaa kiasi gani.

Nikaenda Somanda kwa fundi wangu. Ni kijana, nilimfundisha darasa la sita, na tangu wakati ule hajawahi kukubali kwamba kuna jambo halijui. Nikachora chini kwa chaki ya Maswa. Akainama, akatazama, akatabasamu.

"Shikamoo Mwalimu. Hii naijua. Hii ni toshenibaa. Hiace zote za zamani zinayo."

Na kweli zinayo, ila siyo hii. Ile ya Hiace ni nondo ndefu ya chuma, moja kila upande wa mbele, nayo hufanya kazi kwa kujisokota yenyewe. Ndiyo maana daladala ikianza kuinamisha pua kwa uzee, fundi huingia chini na spana, akakaza boliti moja, gari likainua uso kama mtu aliyelipwa deni. Nikamwambia hiyo ni ya chuma, mimi nataka ya mpira.

"Basi ni ile ya nyuma ya Vitz," akasema, akaenda kwenye lundo la chuma chakavu, akaivuta kwa mguu. Hiyo nayo ina haki ya jina: ni boriti inayounganisha mikono miwili ya magurudumu ya nyuma, nayo hujisokota kidogo upande mmoja ukipanda. Lakini peke yake haibebi kitu. Inataka springi za mviringo na shokapu juu yake. Zaidi ya hapo, hab za Vitz zina boliti 4, na RAV4 yangu ina 5. Mtu mwenye akili anataka magurudumu ya tela yalingane na ya gari, tairi moja la akiba liwasaidie wote. Mimi sina akili, lakini sina pesa pia, na mara nyingi matokeo ni yale yale.

Ndiyo hivyo: toshen tatu, jina moja, kama darasa lenye akina Masanja watatu. Ukiita mmoja wanasimama wote.

Habari zikaenea. Pale gereji kila mteja akawa na upande wake, na mjadala ukawa kama wa Bagika na Bagalu, wale wacheza ngoma wetu wanaoshindania umati baada ya mavuno, kila kundi likiamini dawa yake ndiyo kali. Upande wa mpira ulisema springi za bapa ni mambo ya babu, zinarusha tela likiwa tupu hadi mayai yanafika yakiwa yameshapigwa. Upande wa springi ulisema mpira unazeeka, na ukishazeeka huwezi kuubadilisha kando ya barabara, unatupa ekseli nzima. Mzee mmoja aliyekuja kuziba pancha ya baiskeli alisikiliza zaidi ya saa nzima, akauliza kama ng'ombe wawili wanatosha kulivuta.

Mimi nilikuwa upande wa mpira. Nilikuwa upande wa mpira mpaka fomu ilipokuja.

Doto alimpata muuzaji anayeagiza vifaa kutoka Afrika Kusini, ambako kuvuta matela ya kulalia ni jambo la kawaida kama kwetu kubeba magodoro kwenye pikipiki. Muuzaji akatuma fomu. Anataka upana wa fremu. Sawa, futi ninayo. Anataka umbali wa hab kwa hab. Sawa. Anataka idadi ya boliti. Nikaandika 5 kwa mwandiko wa ubaoni.

Swali la nne likahusu pembe ya mkono. Unaweza kuagiza mkono ulale sawa, uinuke juu digrii 22.5 au 45, au ushuke chini digrii 22.5 au 45. Ukishuka, tela linainuka kutoka ardhini. Ukiinuka, tela linakaa chini. Kwa njia zetu, zenye mawe kiangazi na mbuga ya kunata masika, nikataka lisimame juu juu. Nikamuuliza fundi kati ya 22.5 na 45.

"Hiyo nusu, Mwalimu," akasema, "utaipima na nini?"

Sikuwa na jibu. Nilifundisha hesabu pia, kwa muda, mwalimu wa hesabu alipoenda likizo ya uzazi, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali gumu kama lile.

Swali la tano lilikuwa fupi: uzito wa juu kabisa wa tela likiwa limepakiwa.

Na hapa naomba nieleweke kwa nini nimenuna. Springi za bapa, zile zilizopangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotpoti, hazikuulizi kitu. Tela likilemewa unaongeza chapati. Likirukaruka unatoa moja. Lakini ekseli ya mpira imeshapangiwa mzigo kiwandani. Ukiagiza ya tani moja ukaipa kilo 400, ni ngumu kama benchi la shule, inarusha kila kitu. Ukiagiza ya kilo 400 ukaipa tani, mikono inasalimu amri, mpira unachoka, na huna cha kuongeza ila sala. Inataka uwe mkweli mapema, kabla hujaanza safari, kabla hata hujanunua kijiko. Sijawahi kufanyiwa hivyo hata na kamati ya harusi. Watu wa kale walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na hawakusema umuulize kilo.

Nikaandika 280. Nilikuwa nimekaa kitini, nimetulia, nimefumba jicho moja. Fundi akaitazama namba ile kama wagonjwa wanavyotazama bei ya dawa.

"Tupime," akasema.

Kupima wapi? Bariadi ni mji wa pamba, na mji wa pamba ni mji wa mizani. Msimu ulikuwa umeisha, ile ya kuning'iniza magunia ilikuwa imepumzika ghalani, na karani wa mizani ni mkwe wa jirani yangu. Tukaenda na vitu vyangu juu ya mkokoteni wa ng'ombe, ambao, nikiri, ulikuwa na ekseli ya gari, hauna springi, na umebeba mavuno miaka 11 bila kujaza fomu.

Karani alinitazama kwa shaka. Mizani ya pamba imezoea vita. Mkulima anasema inapunja, mnunuzi anasema pamba imelowekwa au ina mchanga, na wote wawili wana mfano wa mwaka jana. Mtu wa kuja kwa hiari yake, kutaka tu kujua ukweli, hajawahi kumwona. "Mwalimu," akaniuliza, "hujachanganya mchanga?"

Tukaning'iniza. Godoro, 14. Betri ya sola, 18. Tairi la akiba, 15. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo 6 ukasoma 13, kwa sababu chuma chenyewe nacho kina uzito, jambo ambalo miaka yote nimelibeba begani bila kulifikiria. Madumu matatu ya maji, 60. Viti, vyombo na mashuka, 30. Mbao na bati tulizipima vipande vipande, 165. Fremu, ekseli na magurudumu fundi akakadiria 140. Karani akajumlisha kwa kalamu: 455.

Kutoka 280. Mizani kupunja nimeshaisikia. Mizani kuzidisha, na yote iwe juu yangu, ilikuwa mara ya kwanza.

Nikarudi nyumbani na 455 yangu, nikamwonyesha Mama Kulwa kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kuambiwa ukweli. Akasoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho.

"Baba Kulwa, chakula kiko wapi?"

Kulikuwa hakuna chakula. Akaongeza mchele kilo 25, maana huwezi kujua. Akaongeza michembe na nsansa. Akaongeza jiko la mkaa na mkaa wenyewe, kwa sababu gesi anaiheshimu lakini haiamini. Akaongeza sufuria ya pili, kinu, magodoro mawili ya wajukuu. Nikamwambia wajukuu hawaendi. Akaniuliza nani kasema. Tukafika 600, na alikuwa bado anafikiri.

Jioni akaja jirani, mkwewe yule karani, akiwa amesikia habari za mizani. Akasifu tela. Akalizunguka mara mbili. Akauliza kama, msimu wa mahindi ukifika, halitaweza kumsogezea magunia matano tu kutoka shambani, kwa kuwa litakuwa limesimama bure. Gunia ni kilo 100. Nikatoa kalamu, nikafuta 600, nikaandika 1100, nikatazama, nikafuta. Fomu ilikuwa imeshaanza kutoboka kwenye mstari ule.

Fundi, akiniona nimeshindwa na swali moja kama mtoto wa mtihani wa majaribio, akaamua kuniokoa kwa njia yake. "Kwani hiyo ekseli si bomba na mpira tu? Tutengeneze."

Bomba alikuwa nalo. Chuma cha ndani alikuwa nacho. Mpira alikata kutoka tairi chakavu la trekta, fimbo nne nene kama mihogo. Ikabaki kuziingiza. Hapo nikamweleza, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, kwamba kiwandani hugandisha mpira kwa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Mpira unanywea, unaingia kwa urahisi, kisha ukipata joto unavimba na kubana mahali pake.

Fundi akafikiri. Akavuka barabara, kwa mama anayeuza barafu za ubuyu.

Mpira wa trekta ulilala usiku mzima kwenye friji lile, katikati ya barafu za shilingi mia. Asubuhi ukatoka umekakamaa kiasi, ukipendeza kwa rangi nyekundu, ukinukia ubuyu. Tuliushindilia kwa nyundo, sabuni ya kipande na maneno ambayo sikumfundisha. Uliingia. Watoto wa shule walionunua barafu mchana ule walisema zina ladha ya lami, na mama wa barafu hajaniamkia hadi leo, ingawa wazo halikuwa langu.

Tukafunga mikono, tukafunga magurudumu, tukaweka fremu juu. Nikakaa. Likashuka kidogo, likanirudisha. Enyi watu, lilinirudisha! Fundi akakaa. Likashuka zaidi, likaturudisha. Kisha wakapanda wanafunzi wake watatu, na upande wa kushoto ukatoa sauti kama mtu anayevua buti lenye maji, na fimbo moja ya mpira ikachomoza polepole kutoka mwisho wa bomba kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Gurudumu likainama ndani. Tela likasimama kama ng'ombe aliyekanyaga mwiba.

"Tatizo ni friji," akasema fundi. "Lingekuwa kubwa."

Nikakubali yaishe. Nikalipa ekseli nyoofu iliyonunuliwa kwenye chuma chakavu, hab za boliti 5, na springi za bapa za pikapu moja iliyokufa kwa ajali ya heshima. Fundi akazipunguza hadi bapa tatu, na moja akaifunga kwa waya chini ya fremu, ya akiba. Ekseli tukaiweka nyuma kidogo ya katikati, ili mzigo ulemee mbele, maana tela likilemea nyuma hupigisha gari mkia barabarani. Muuzaji wa Doto anasema mdomo wa tela ubebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Fundi ana kipimo chake: ukiweza kuunyanyua mdomo huku unapiga hadithi, ni mwepesi mno; ukiunyanyua ukanyamaza, umefika; ukimwita mtu, umezidisha. Nimejaribu vyote, na nusu digrii haimo.

Safari ya kwanza haikuwa Ndabaka. Wiki ile ile shangazi yangu alifariki Mwanhuzi, na saa moja baada ya simu, tela lilikuwa limejaa. Viti vya plastiki, maturubai mawili, sufuria za shughuli, mchele, kuni, ndoo. Watu walipakia bila kuniuliza, nami sikuuliza kilo. Fundi alipita, akatazama springi zilivyonyooka, akafungua ule waya, akaongeza bapa ya nne kwa dakika ishirini, akakataa pesa. Msibani hatozi.

Tulifika usiku. Nilikuwa nimejipanga, kwa siri, kwamba baada ya kutoa pole nitajilaza ndani ya tela langu, kwenye godoro langu la kilo 14. Lakini likishatolewa viti na sufuria, tela lenye godoro ni tela lenye godoro, na ukoo una wazee. Wawili walishaonyeshwa njia. Mimi nilipewa mkeka kando ya moto, pamoja na wanaume wengine, chini ya anga lenye nyota nyingi kuliko nilizowahi kuchora. Mbwa mwitu au fisi, sijui, alilia mbali upande wa Maswa. Kiuno kililalamika. Nilikuwa nimepiga kambi.

Karibu na alfajiri kidirisha cha tela kikafunguka. Mzee mmoja akatoa kichwa, akatazama huku na huku, akaniona.

"Mwangaluka, Mwalimu," akasema. "Chipsi mnaanza saa ngapi?"